Jina la Kiema

Mwaka ule mvua ya masika ilikataa kuisha. Wiki ya pili ya Mei ilipoingia, udongo mweusi wa upande wa Isinya ulikuwa unameza viatu vya watu, na vijito ambavyo miaka mingine huwa mchanga mtupu vilikuwa vinakata barabara kila baada ya siku mbili. Wenye ng'ombe walishukuru Mungu. Waruguru alikuwa na wasiwasi. Yeye alifuga farasi, na kati ya majike kumi na mmoja aliokuwa nao, saba walikuwa na mimba. Panapotuama maji, usubi huja.

Usubi ni kidudu kidogo kuliko mbu, hata kukiona ni kazi. Hutoka jua linapoanza kushuka na hujificha asubuhi jua likishika. Kikimuuma mtu, anajikuna yakaisha. Kikimuuma farasi kinaweza kumwachia homa inayoingia mapafuni na kumuua kwa siku mbili. Chanjo ipo, lakini jike mwenye mimba hapewi. Kwa hivyo shamba la Waruguru lilikuwa na sheria moja ambayo hata mgeni aliambiwa getini: ikifika saa kumi jioni, kunyeshe kusinyeshe, majike wenye mimba wawe bandani, wavu umeshushwa madirishani, na samadi kavu inafuka moshi mlangoni.

Sheria hiyo aliiweka Waruguru mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na farasi aliwajua tangu utotoni, kwa sababu baba yake, Ngigi, alikuwa saisi wa Mzungu mmoja kule Karen: kazi yake kuwalisha farasi, kuwapiga brashi, na kulala karibu nao wakiugua. Waruguru alikulia nyuma ya mabanda hayo. Alipoolewa na Gakuru wakapata ekari arobaini kando ya barabara ya Namanga, majirani walidhani wataona nyumba za plastiki za kukuzia maua. Badala yake waliona jike mmoja mzee, mwenye goti bovu, akishushwa kwenye lori. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Gakuru alikuwa kaburini mwaka wa sita. Binti yao wa pekee, Cate, alikuwa Kisumu na maisha yake. Lakini farasi waliozaliwa pale walikuwa wanaruka viunzi kwenye mashindano na kucheza polo hadi Gilgil, na watu wa farasi, wale waliokuwa wakimwita "yule mama wa Kitengela" huku wakicheka, sasa walikuwa wanampigia simu wao kwanza. Hilo Waruguru alilithamini kuliko alivyopenda kukubali.

Wafanyakazi walikuwa sita, lakini aliowategemea ni wawili. Wa kwanza ni Mzee Simel, Mmasai wa Bisil, aliyekuja na Gakuru siku za kwanza kabisa. Wa pili ni Kiema, Mkamba wa miaka arobaini na kitu, mtu wa maneno machache, mwenye mikono myembamba kama ya msichana. Kwa miaka tisa, kila jike aliyezaa shambani alizaa Kiema akiwa amepiga magoti nyuma yake.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya Alhamisi. Simel alikuwa amekwenda kwao kumzika shemeji. Lori la nyasi kavu, lililongojwa tangu asubuhi, lilifika saa tisa na nusu alasiri likazama kwenye matope hatua mia mbili kabla ya geti. Lilikuwa na marobota mia tatu, na upande wa Konza wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi.

Waruguru alitoka ndani amevaa viatu vya gambuti, kitambaa kikimning'inia begani.

"Kila mtu huku!" aliita. "Acheni kila kitu. Hii nyasi ikinyeshewa imeharibika yote."

Kiema alikuwa tayari ameshika kamba za kuongozea, anaelekea malisho ya chini, kule karibu na bwawa, ambako majike wanne wenye mimba walikuwa wanakula; watatu wengine walikuwa wameshaingia bandani. Alisimama mbele ya Waruguru. Wengine walikuwa wameshakimbilia lori.

"Mama, na wale wa huko chini? Saa kumi inafika."

"Watangoja."

"Wacha niwalete mara moja, nirudi. Ni dakika ishirini tu."

"Kiema," Waruguru alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia, "farasi hawaozi. Nyasi ndiyo inaoza. Weka hizo kamba, kuja hapa."

Kiema aliziangalia kamba mkononi. Kisha akazitundika kwenye nguzo ya geti akaenda kubeba nyasi.

Walibeba wakipokezana robota baada ya robota mgongoni, mpaka giza likaingia. Nyasi iliokoka, isipokuwa marobota ishirini ya chini. Saa moja unusu, mvua ikiwa imeshaanza kumwagika, Kiema alichukua tochi akashuka malishoni bila kuambiwa. Waruguru alimwona akirudi na wale wanne: Tulia mbele, jike wa kijivu aliyekuwa mama wa nusu ya farasi wake wazuri, nyuma yake Chausiku, Asali na Wimbi. Kwenye mwanga wa tochi, vidudu vilikuwa vinacheza juu ya migongo yao kama vumbi la unga.

"Ni siku moja tu," Waruguru alijiambia. Akaenda kuoga.

*

Siku ya nane baada ya hapo, Chausiku aliacha chakula. Asubuhi hiyohiyo homa ilikuwa imepanda. Juu ya macho yake, pale ambapo farasi ana vishimo viwili, palikuwa pamefura kama mtu aliyepigwa ngumi. Waruguru alipoona uvimbe huo alishika mlango wa banda, maana aliwahi kuuona utotoni, na baba yake hakupona huzuni yake mwaka mzima.

Alimpigia simu Daktari Faysa. Faysa alikuwa daktari wa mifugo, binti wa watu wa Garissa, mwenye kliniki yake ndogo Noonkopir, na ndiye pekee wa karibu aliyewajua farasi vizuri. Alifika saa tano, buibui lake limeloa matope hadi magotini kwa sababu gari alikuwa ameliacha ng'ambo ya kijito. Hakukaa sana na kipimajoto. Aliweka sikio kwenye mbavu za Chausiku, akasikiliza, akainuka polepole.

"Mapafu yamejaa maji, Mama Cate. Nitampa za kumpunguzia uchungu. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Chausiku alikufa saa saba mchana. Alisimama mpaka dakika ya mwisho, shingo ameinyoosha, povu jeupe likimtoka puani kama sabuni. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, na ule mwili mkubwa ukaanguka ukisukuma ukuta wa mbao. Tumboni mwake kitu kilikuwa bado kinacheza. Kiema aliweka kiganja pale, akakiacha hapo mpaka kukatulia. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Farasi hubeba kumi na mmoja. Hakukuwa na la kufanya.

Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama pale mlangoni, na Mzee Simel, aliyekuwa amesharudi kutoka Bisil, amevua kofia. Faysa alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo.

"Huyu aliumwa kama wiki moja iliyopita," alisema. "Alikuwa nje jioni?"

Hakumuuliza mtu fulani. Lilikuwa swali la daktari tu. Lakini Waruguru alisikia ndani yake maswali mengine yote yatakayofuata: Gitonga, mfugaji mwenzake, atauliza, watu wa Karen watauliza, kila aliyewahi kununua farasi kwake atauliza, na watacheka kile kicheko cha zamani. Mdomo wake ukafunguka kabla hajaamua.

"Alhamisi ile. Kiema hakuwaingiza."

Kiema alikuwa bado amechuchumaa karibu na tumbo la Chausiku. Aliinua uso akamtazama Waruguru. Macho yake hayakuwa na hasira. Alimtazama tu kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

Waruguru hakuimaliza.

"Na nilisema hapa sheria ni moja," aliongeza. Alishangaa kusikia jinsi sauti yake ilivyokuwa imara. "Kiema, chukua vitu vyako. Sitaweza kufanya kazi na wewe."

Kiema aliinuka. Alipangusa mikono kwenye suruali, akapita katikati ya wenzake. Nusu saa baadaye alionekana getini na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba ya nailoni. Hakuaga.

Jioni hiyo simu iliita. Ilikuwa ni Gitonga, mwenye shamba lingine la farasi upande wa Kitengela, mtu ambaye habari za farasi humfikia kabla ya mwenye farasi.

"Pole sana, Waruguru. Nasikia ni mfanyakazi alizembea."

Hapo pia palikuwa na nafasi. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na angeweza hata kusingizia hasikii vizuri. Alisema, "Ndiyo."

"Wanatumaliza hawa watu," Gitonga alisema. "Nitawaambia wengine wamjue."

*

Asali alitupa mimba Jumamosi. Alipona mwenyewe, amekonda mbavu nje, lakini alikuwa anazunguka bandani akilia kumtafuta mtoto ambaye Simel alikuwa ameshamzika. Wimbi hakuugua. Akabaki Tulia, na Tulia ndiye aliyekuwa karibu kuzaa.

Jumapili kiwele chake kilijaa, na kwenye chuchu pakatokea matone magumu kama nta. Waruguru alijua ni saa ishirini na nne, labda pungufu. Alipompima joto, alipima mara mbili. Homa ilikuwa imeanza.

Uchungu ulianza alfajiri ya Jumatatu, mwanga ukiwa bado wa kijivu. Tulia alilala, akaamka, akalala tena. Chupa ya uzazi ilipasuka, maji yakamwagika, na Waruguru akangoja kuona kwato mbili za mbele na pua juu yake, jinsi inavyotakiwa. Ilitokea kwato moja.

"Mguu mwingine umerudi nyuma," Simel alisema.

Waruguru alipiga simu, akaweka sauti kubwa, akailaza juu ya robota. Faysa alisema kijito kimejaa tena, hata pikipiki haipiti.

"Sikiliza, Mama Cate. Farasi si ng'ombe. Uko na dakika ishirini, thelathini ikizidi sana, halafu mtoto anakufa. Lazima mtu aingize mkono, amsukume mtoto nyuma, aushike ule mguu kwenye goti aukunjue. Yule mtu wako wa mikono myembamba yuko wapi?"

Simel alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imepinda vidole kwa baridi yabisi, akatazama ukutani.

"Hayuko," Waruguru alisema hatimaye. "Nitaingiza mimi."

Alivua sweta, akajipaka sabuni hadi begani, akalala kifudifudi kwenye majani yaliyoloa. Ndani kulikuwa na joto la kutisha. Kila uchungu ulipokuja, mfupa wa nyonga ulimbana mkono hata akauma kola ya blauzi asipige kelele. Alipata goti, likamponyoka. Akalipata tena. Simel alikuwa ameshika kichwa cha Tulia, anamsemesha kwa Kimaa, sauti ya chini, ileile anayosemesha ng'ombe. Kwenye simu Faysa alikuwa anauliza, "Umeupata? Umeupata?" na Waruguru alikuwa anafikiria kwamba Kiema angekuwa ameshamaliza, angekuwa ameshakaa pale pembeni anajipangusa mikono, hasemi kitu. Mkono wake ulikufa ganzi. Alivuta kwa vidole asivyovisikia.

Mguu ulikuja. Ulichukua muda mrefu mno, lakini ulikuja, na nyuma yake kichwa, mabega, halafu mwili wote ukateleza kwa mara moja. Alikuwa dume, mweusi kwa sasa kama wanavyozaliwa wale wa kijivu. Hakupumua. Simel alimsugua kwa gunia, akampulizia puani, akamsugua tena. Mtoto akapiga chafya.

"Yuko hai?" Faysa aliuliza.

"Yuko hai," Waruguru alisema, na akaanza kulia.

Tulia alimlamba mara mbili tatu tu. Hakuweza kusimama. Walimkamua pale alipolala, wakapata kikombe na nusu cha dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ambayo mtoto akiyakosa hana kinga, wakamnywesha kwa chupa. Baadaye wakakamua tena. Jumatatu mchana povu likaanza kumtoka Tulia puani. Waruguru alikaa chini, kichwa cha jike huyo mapajani mwake, akawafukuza nzi mpaka hapakuwa na haja. Alikuwa amemlea tangu ana siku moja. Kwenye kabati ya sebuleni kulikuwa na picha zake tano, na katika tatu Gakuru alikuwa ameshika kamba.

*

Kulisha mtoto wa farasi asiye na mama ni kazi ya kila saa. Chupa alikuwa anaikataa nusu ya wakati. Siku ya tisa Simel aliondoka bila kusema anakokwenda, akarudi jioni kwenye pikipiki na mbuzi wawili wanaonyonyesha. Alimpandisha mmoja juu ya marobota mawili, akamfunga, akamleta mtoto. Mtoto alinusa, akapiga kichwa tumboni mwa mbuzi, akapata chuchu. Ilikuwa kichekesho, lakini hakuna aliyecheka.

"Hawa umewatoa wapi, Mzee?"

"Bisil. Sokoni." Simel alikuwa anamshikilia mbuzi pembe. Kisha akasema, "Kiema nimemwona huko."

Waruguru aliendelea kusafisha chupa.

"Anapakia mbuzi kwenye malori. Ile kazi ya vijana. Alikuwa amepata mahali kwa watu wa farasi, huko nyuma ya Kitengela, wakamkubali. Siku ya pili wakapigiwa simu, wakamfukuza. Wanamwita muua farasi."

"Alikwambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Wenzake ndio waliniambia." Simel alimtazama sasa. "Yeye aliniuliza kama Tulia amezaa."

Waruguru hakulala vizuri wiki hiyo. Alikuwa na sababu nyingi za kubaki shambani: mtoto, Asali, majike wanne ambao bado hawajazaa. Alizitumia zote, moja baada ya nyingine, mpaka Jumanne iliyofuata akajikuta amevaa viatu vya kanisani na anaendesha pikapu kuelekea kusini.

Soko la Bisil lilikuwa limejaa. Mvua ilikuwa imewapa watu mifugo minene, na wanunuzi wa Nairobi walikuwa wamejipanga na malori yao kando ya barabara. Aliuliza mara mbili akaelekezwa. Kiema alikuwa amesimama juu ya ubao wa lori, anavuta mbuzi kwa masikio na kuwapanga. Alikuwa amekonda. Alipomwona Waruguru hakushtuka. Alimaliza mbuzi aliyemshika, akashuka.

"Mama."

"Kiema. Habari ya siku nyingi?"

"Ni nzuri."

Walisimama. Mbuzi walikuwa wanapiga kelele pande zote, na mtu mmoja akawapita katikati na ndama. Waruguru alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa akayaacha yote.

"Ni mimi niliyekuambia uache," alisema. "Ulitaka kuwaleta, nikakukataza. Halafu nikasema ni wewe."

"Najua."

"Nimekuja kukuambia hivyo."

"Hayo mimi nayajua, Mama. Nilikuwa hapo." Kiema alisema taratibu, bila kupaza sauti. "Siku ile nilingoja. Nilifikiri ni uchungu wa Chausiku, nikasema akitulia atasema. Nilikaa kwa ndugu yangu Kitengela siku nne, simu iko mkononi. Halafu nikaenda kutafuta kazi."

"Mbona hukusema? Hata pale pale ungesema."

"Ningesema nani aniamini? Wewe ni mama wa shamba." Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Na pia ningekuaibisha mbele ya watu."

Waruguru aliona afadhali angetukanwa. "Rudi nyumbani," alisema. "Kazi yako iko."

"Hapana."

"Kiema, nakuomba."

"Si kwa ubaya. Nikirudi, watasema Mama amemhurumia yule muua farasi. Wewe umeniambia mimi, kitu ninachojua. Wale uliowaambia uwongo hujawaambia."

Hapo Waruguru alitoa simu. Alisimama pale pale, kisigino kimezama kwenye matope na mavi ya mbuzi, akampigia Gitonga, akaweka sauti ya nje ili Kiema asikie. Alieleza yote kwa maneno mafupi: nyasi, lori, kamba kwenye nguzo, swali la Faysa. Alipomaliza, Gitonga akajibu.

"Waruguru, haya mambo si yameisha? Farasi wameshakufa."

"Hayajaisha. Umewaambia watu ni yeye. Waambie ni mimi."

"Sawa, nikipata nafasi. Lakini huyo mtu, hata mimi kusema kweli siwezi kumchukua tena. Wafanyakazi wangu wameshamsikia. Unajua jina likishatoka..."

Waruguru alikata simu. Alimpigia Faysa. Faysa alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kuniambia," kwa sauti ya mtu aliyefunga mlango polepole, akaaga.

Dereva wa lori alikuwa anapiga honi. Kiema alitazama nyuma.

"Huyo mtoto wa Tulia," aliuliza, "anasimama vizuri?"

"Mguu mmoja wa mbele ni mbaya. Ule uliokunjika. Nafikiri niliuvuta vibaya."

Kiema alitikisa kichwa. Aliinua mikono yake miwili, akaonyesha hewani jinsi ya kukamata kwato kwa kiganja kwanza, kabla ya kuvuta, ili isikwaruze wala mshipa usivutike. "Ungeishika hivi," alisema. Hakuwa anamlaumu, alikuwa anamfundisha, kama angemfundisha mtu yeyote. Kisha akarudi juu ya ubao.

*

Asubuhi yake, kabla ya kazi kuanza, Waruguru aliwaita wafanyakazi mbele ya banda. Walikuwa wanne na Simel. Aliwaambia. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyotarajia. Uwongo wenyewe ulikuwa wa maneno manne, na kuufuta hakukuhitaji mengi zaidi. Mmoja alikuwa anachora mchanga kwa ncha ya gambuti. Mwishowe mwingine akauliza, "Tukafungue farasi, Mama?" Akasema ndiyo, wakatawanyika.

Simel alibaki.

"Wewe ulijua," Waruguru alimwambia.

"Nilijua siku ile ile. Kiema hawezi kusahau farasi nje. Anaweza kusahau watoto wake kwanza."

"Na hukuniambia kitu."

Mzee alifikiri. "Miaka ishirini na mbili nimekula hapa," alisema. "Niliogopa. Mimi pia niko na yangu." Akachukua fimbo yake akaenda kwa mbuzi.

Majike watatu kati ya wanne waliobaki walizaa mwezi wa Juni, mmoja mmoja, bila shida, na Wimbi akafuata mwezi wa Agosti. Miaka mingine kila mtoto alipozaliwa, Kiema alikuwa anampigia Waruguru mluzi kutoka bandani, na Waruguru angetoka na chai ya watu wote. Mwaka huo alikuwa anaambiwa tu asubuhi, naye anaandika tarehe. Wafanyakazi walimtii kama zamani. Ila walikuwa na tabia mpya: akiwapa agizo, walilirudia kwa sauti, wawili au watatu wakisikia, ndipo wakaondoka. Waruguru alielewa sababu, akawaacha.

Daktari Faysa alikuja kuuangalia mguu wa mtoto wa Tulia. Aliufunga banzi, akaufungua baada ya wiki chache, akamtembeza uani mara kumi, kwenda na kurudi.

"Atatembea," alisema. "Malishoni atakimbia kidogo. Kuruka, hapana. Kubeba mtu, sidhani. Watu wengine wangemlaza kwa sindano, asiamke."

"Atakaa," Waruguru alisema.

Gitonga alisema kwa aliotaka kuwaambia, na wengine hakuwaambia. Simu za watu wa farasi zilipungua. Kiema hakuajiriwa na mtu yeyote wa farasi kuanzia Kitengela hadi Namanga. Simel alisikia kwamba ameenda Kimana, kwenye mashamba ya vitunguu, anafungulia maji kwenye mitaro alfajiri na jioni, na kwamba mke wake amemfuata huko na watoto. Waruguru alimtumia barua ya kuthibitisha kazi yake ya miaka tisa, kurasa mbili, ameandika kwa mkono wake kila kitu, pamoja na ile Alhamisi. Aliipeleka mwenyewe mpaka kwa dereva wa lori la vitunguu anayepita hapo kila wiki. Dereva alisema aliifikisha, na kwamba Kiema aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, akamshukuru, na akaendelea na maji yake.